Panga Halikuteleza

Sijasema sijamsamehe. Leo nimelirudia hilo mara tatu, na mara zote tatu mama ameendelea kupiga maharage kama vile naongea na kondoo. Nilichosema ni kwamba sitasimama mbele ya hakimu nikasema panga liliteleza. Hayo ni mambo mawili. Mtu anaweza akasamehe na bado akasema kilichotokea.

"Haya," mama akasema, fimbo ikiwa juu. "Wewe ukisema halikuteleza, mimi niliyesema liliteleza nitakuwa nani?"

Hapo ndipo ninapokwamaga kila siku.

Kwa sababu mama alishaapa. Mwezi uliopita alipanda kizimbani kule Katesh, akashika kitabu kwa mkono wa kushoto, akaambiwa abadilishe, akajaribu, vidole vya kulia vikakataa kufunga, hakimu akasema basi, shika hivyo hivyo. Akaapa atasema kweli tupu. Halafu akasema jirani yetu alikuwa anakata manyara ya ua, utomvu ukamruka machoni, hakuona, panga likateleza likampata mama mkononi. Ajali. Hayo nimeyasikia kwa waliokuwa ndani; mimi nilikuwa nje kwenye benchi, maana shahidi ambaye hajasema haruhusiwi kusikiliza wenzake. Alipotoka nikamwuliza, "Umesemaje?" Akajibu, "Nimesema kama tulivyokubaliana." Akataka twende tukanywe chai. Kikombe alikishika kwa kushoto. Kisha tukapanda gari tukarudi nyumbani Endasak.

Kesho ni zamu yangu.

Naandika haya jua bado lipo, nimekaa kwenye gunia nyuma ya nyumba, kwa sababu ndani mama ananitazama na nikitazamwa siandiki. Nataka kuyaweka yote kwa mpangilio ili kesho nisije nikababaika.

Kwanza, wanaosema tulimshtaki jirani, mzee wa kanisa, wanakosea. Hatukwenda kushtaki. Tulikwenda kuchukua PF3. Mtu akikatwa, hospitali wanataka kwanza ile karatasi ya polisi, na ile karatasi hawakupi mpaka useme nani, wapi, lini, kwa nini. Mama alikuwa amekaa sakafuni pale kituoni, mkono umefungwa na shati la mwanaume, damu imeganda, hasemi kitu. Askari akauliza nani alikuwepo. Nikasema mimi. Akanipa karatasi nyingine na kalamu. Nikaandika ukurasa mzima na nusu kwa ule mwandiko wangu wa mtihani, nukta na mkato kila mahali, nikasaini. Sikujua kwamba naandika kesi. Nilidhani naandika ili mama ashonwe.

Nilichoandika ni hiki, na ndicho ninachokijua mpaka leo.

Kati ya shamba letu na la jirani kuna ua wa manyara. Aliupanda baba. Tangu baba afariki, ule ua umekuwa ukihama. Kila mvua zinapokaribia, jirani anapanda vijiti vipya upande wetu, hatua moja, hatua na nusu, halafu vikishika anakata vile vya zamani vya upande wake. Manyara haina shida, ukichomeka kijiti kinaota. Mama alikuwa akiona na kunyamaza. Alisema ardhi ni ya Mungu. Nikamwambia mbona Mungu anaipeleka upande mmoja tu, akanikemea.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, tulikuwa tunasafisha shamba. Mimi nilikuwa upande wa juu na jembe, mama chini karibu na ua. Jirani alikuwa amechomeka vijiti vipya asubuhi ile ile na alikuwa bado anakata vingine. Sijui mama aliamkaje siku ile. Aliinama akang'oa kijiti kimoja. Akang'oa cha pili. Aling'oa tu na kuviweka pamoja vizuri kama kuni. Jirani akaja. Akasema, "Mama, acha." Mama akang'oa cha tatu.

Nilikuwa karibu kama kutoka hapa hadi zizini. Jirani alikuwa anamtazama. Macho yake yalikuwa wazi, makavu, hayana utomvu wala machozi. Alikuwa anamtazama mkono. Halafu panga likashuka.

Na hiki nacho nilikiandika: baada ya pale alilitupa panga, akakaa kwenye udongo, akashika kichwa. Mimi nilikuwa napiga kelele tu, sijui hata nilikuwa naita nani. Yeye ndiye aliyenyanyuka kwanza. Akavua shati lake, akamfunga mama mkono kwa nguvu mpaka mama akalia, akapiga simu bodaboda ije. Daktari alisema lile shati ndilo lililomwokoa mama asiishiwe damu. Huyo mtu alimkata mama yangu na akamwokoa mama yangu, yote ndani ya dakika kumi. Ndiye aliyenishika mikononi siku ya ubatizo wangu. Namwamkia shikamoo baba tangu nijue kusema.

Sasa mtu akiniuliza kwa nini nimechoka, naanzia wapi?

Alikaa mahabusu wiki mbili. Mchungaji akaenda akamdhamini. Krismasi ikapita vibaya, watu kanisani wamekaa pande mbili, kwaya imegawanyika, wanaimba kama watu wenye mafua. Halafu Jumapili moja ya mwezi wa kwanza, jirani akatoka kwenye kiti cha wazee wa kanisa, akaja mbele, akapiga magoti. Alisema kwa sauti, kanisa zima likasikia: "Hasira ilinipanda. Nilimkata dada yangu kwa hasira, kwa ajili ya udongo." Hakusema utomvu. Hakusema kuteleza. Alilia kama mtoto. Mama akanyanyuka mwenyewe, hakusukumwa na mtu, akamwendea, akamwekea juu ya kichwa ule mkono mbovu.

Mimi pia nililia. Nilimsamehe palepale, na sijautoa ule msamaha. Naomba hilo lieleweke.

Jumamosi iliyofuata kukawa na kondoo kwa jirani. Kwetu watu wakipatana, maneno peke yake hayatoshi. Kondoo anachinjwa, ngozi inakatwa vipande vyembamba, kila aliyehusika na ugomvi anavalishwa kimoja kidoleni kama pete. Unakaa nayo mpaka ikauke ianguke yenyewe. Kabla haijaanguka, lile jambo halitajwi na mdomo wako mbele za watu wa nje. Ukilitaja umeufungua ugomvi upya, na wewe ndiye utakayetoa kondoo.

Mchungaji anahubiri kila mwaka kwamba mambo ya ngozi tuliyaacha. Siku ile alikuja. Alikaa mbali kidogo na wanaovalishwa, karibu zaidi na wanaokula.

Mimi nilichelewa. Nilitoka mashineni na ndoo ya unga kichwani, sijala tangu asubuhi, na harufu ya ile nyama nilianza kuisikia nikiwa bado kwenye korongo. Bibi aliyemzaa jirani alikuwa amekaa kwenye kigoda na kisu kidogo, vipande vya ngozi viko kwenye sinia. Akasema, "Nipe mkono, mjukuu." Nikatua ndoo, nikampa. Akanivalisha kidole cha kati. Sikuuliza kitu. Nilidhani ile pete ni msamaha, na msamaha nilishautoa. Nikapewa mbavu, nikakaa na wengine.

Ndipo mchungaji akasimama, mfupa bado anao mkononi, akasema kwamba sasa tumepatana mbele za Mungu na mbele za wazee, iliyobaki ni serikali. Serikali haiwezi kufuta kesi kwa sababu sisi tumepatana, alishaenda kuuliza, wamemwambia kosa la kumkata mtu si la kumalizana nyumbani. Kwa hiyo tutakapoitwa, wote tuseme neno moja. Utomvu wa manyara. Macho. Panga liliteleza.

Watu wakaitikia kwa vichwa. Nyama ilikuwa nzuri.

Nikasema, "Kwa hiyo tutadanganya?"

Mke wa jirani akacheka, akageukia wenzake: "Mmemwona huyu? Nyama yetu ameshamaliza, sasa anauliza maswali."

Wakacheka wote, na mama pia. Nikatazama mkono wangu. Ngozi ilikuwa bado mbichi, yenye mafuta, imenata.

Hilo ndilo kosa langu na silisukumi kwa mtu mwingine. Ningeuliza kwanza. Siku hizi nina mambo mawili yenye sahihi yangu. Karatasi iko polisi, na pete iko kidoleni.

Tangu siku ile jirani ametulimia. Lazima niseme na hilo. Alikuja na maksai wake kabla hajamaliza hata shamba lake, akatulimia lote, akapanda mahindi na maharage, na haya mama aliyoyapiga leo ni ya jasho lake. Mkewe analeta kuni kila Ijumaa, anazishusha mlangoni, anasema, "Kuni hizo, mama mkosa mkono," na mama anamjibu, "Asante, mama nusura mkosa mume," wanacheka hao wawili mpaka wanafutana machozi. Mimi sielewi. Labda wao ndio wanaoelewa.

Lakini nimewahi kwenda kuangalia ile mistari yake ya plau. Imenyooka, ana mkono mzuri. Imenyooka mpaka kwenye manyara. Kwenye manyara mpya, ile ya mwaka jana. Vile vijiti vitatu alivyong'oa mama vimechomekwa tena na vimeota, virefu kunizidi. Kwenye msamaha wote ule, kanisani na kwenye kondoo, hakuna aliyetaja ua kurudi ulipokuwa. Na haiwezekani kuutaja. Kama panga liliteleza, basi hakukuwa na ugomvi. Kama hakukuwa na ugomvi, basi ua uko mahali pake.

Nilipomwambia mama hivyo, alisema, "Wewe shule imekuharibu."

Samansi ya kuniita mahakamani ililetwa wiki mbili zilizopita na mwenyekiti wa kitongoji, ameikunja mfukoni mwa koti. Aliniambia nisaini kwamba nimepokea.

"Saini kwa ule mwandiko wako mzuri," akasema. "Ule uliotuletea kesi."

"Nisipoenda?"

"Usipoenda watakuja kukuchukua na gari. Utakuwa binti wa kwanza wa kitongoji kupanda Landkruza." Akaona sicheki. Akashusha sauti. "Nenda tu, mwanangu. Sema lile neno moja urudi nyumbani. Sisi wote tumechoka na hili jambo."

Wote wamechoka. Kila mtu anayenishauri anaanza na kuchoka kwake.

Mchungaji alinisubiri Jumapili baada ya darasa la watoto. Mimi ndiye ninayewafundisha Sunday school, watoto wadogo, mwaka wa pili huu. Siku ile kwa bahati mbaya tulikuwa kwenye zile amri kumi, na walikuwa wanakariri kwa kupiga makofi. Aliwangoja watoke, akakaa kwenye benchi lao, magoti yamefika kifuani.

"Kesi ni lini?"

"Alhamisi, mchungaji."

"Na utasema nini?"

"Nilichoona."

Akavuta pumzi. "Unajua ana watoto sita."

"Najua. Wanne nawafundisha hapa."

"Unajua akifungwa, mama yako atalimiwa na nani?"

"Najua."

"Basi unajua yote. Sasa nini hujui?"

Nikamwambia sijui ni kwa nini niwafundishe watoto amri ya kutomshuhudia jirani uongo, halafu nipande gari niende Katesh nikashuhudie uongo nikiwa nimeshika kitabu kile kile tunachosomea hapa. Alitabasamu kidogo, kama mwalimu aliyelitegemea hilo swali.

"Amri inakataza uongo wa kumdhuru jirani. Huu ni wa kumwokoa."

"Hakimu hatajua tofauti."

"Hakimu ni wa serikali. Mbele za Mungu huyu mzee ameshasema kweli, tena kwa machozi, na wewe ulikuwepo. Kweli imeshafika inapotakiwa kufika. Serikali inataka nini tena? Inataka mtu wa kumweka ndani. Ndugu hampeleki ndugu yake mbele ya watu wasiomjua Mungu, hilo tumefundishwa tangu kanisa la kwanza."

"Lakini tumefundishwa pia kutii serikali. Ulihubiri wewe mwenyewe, wakati ule wa sensa."

Hapo hakutabasamu. Nilisikia wale watoto nje wakipigana na mtu akilia. Alipoongea, sauti ilikuwa ya mtu ambaye amelala vibaya.

"Binti yangu, mimi ninachunga watu mia na kidogo kwenye mlima huu. Nikiwaacha waende mahakamani kila mtu na panga lake, sitabaki na kanisa. Nimepata neno moja linalowaweka pamoja. Si neno zuri. Najua si neno zuri." Akanyanyuka, akajikung'uta suruali. "Ukilivunja, darasa hili nitampa mtu mwingine. Na mama yako hatashiriki meza ya Bwana mpaka wazee wakae. Sikutishi. Nakuambia kitakachotokea."

Namwamini kwamba hakuwa ananitisha. Hilo ndilo linalonichosha zaidi. Angekuwa mtu mbaya, ningelala.

Jumatatu nikapanda juu dukani, mahali simu inaposhika, nikapiga ile namba iliyoandikwa kwenye samansi. Mwendesha mashtaka ni dada kijana, kwa sauti hajanizidi miaka kumi. Alidhani nimepiga kukataa.

"Dada, hata wewe utaniambia liliteleza?"

"Sijasema hivyo."

"Mama yako alinivunja nguvu. Nimebaki na wewe tu."

Nikamwuliza kama sheria haijui kusamehe. Nilimwuliza kwa hasira, naona haya sasa. Hakukasirika. Alisema msamaha una nafasi yake mahakamani, kama mtu anapatikana na kosa, hakimu kabla hajaamua adhabu anasikiliza kama wamepatana, kama amemhudumia aliyeumizwa, yote anayasikiliza. "Lakini atasamehe nini," akasema, "kama mmemwambia hakuna kilichofanyika?"

Hilo neno nililibeba mpaka nyumbani.

Kuna swali jingine nililotaka kumwuliza na sikuliuliza vizuri. Nilisema, "Na mtu aliyeapa, halafu akawa amesema tofauti na mwingine, anafanywaje?" Nadhani alielewa namuulizia nani. Akasema, "Wewe njoo useme yako." Sikupata jibu zaidi ya hilo, na salio likaisha.

Sasa narudi kwa leo.

Baada ya mama kuniuliza atakuwa nani, nilichukua fimbo ya pili nikaanza kupiga upande wangu wa turubai, maana kukaa bure wakati mama anapiga kwa mkono mmoja kunaniuma. Tulipiga muda mrefu. Kondoo wangu alikuwa anakula maganda pembeni. Ni wangu kweli, jike, baba alinipa akiwa bado kakondoo kadogo, mwaka wa mwisho wa uhai wake. Aliniambia nisimuuze mpaka niwe na sababu.

Mama akasema, hajanitazama, "Unadhani mimi sijui nilidanganya?"

Nikaacha kupiga.

"Najua. Nilikiona kile kitabu. Ila sikudanganya kwa ajili yake, wala kwa ajili ya mchungaji. Nilidanganya kwa ajili yangu. Kila tarehe ya kesi naambiwa nionyeshe mkono. Geuza hivi. Kunja. Unafika wapi? Inauma? Wananishika kama mbuzi wa mnadani. Nikasema hili jambo lazima liishe. Nimechoka, mwanangu. Nataka niamke siku moja nisiwe yule mama aliyekatwa."

Nimesoma mpaka kidato cha nne na nilichoweza ni kusukuma maganda kwa mguu.

"Sasa kesho utalifungua tena," akasema.

"Halijafungwa, mama. Nenda kaangalie manyara."

Nilidhani atanikemea. Alitazama kule chini, ambako ua unaonekana kutoka uwanjani, kijani kibichi hata wakati huu wa baridi. Alitazama sana. Halafu akatazama kidole changu.

"Ya kwangu ilianguka mwezi wa nne. Yako mbona imeng'ang'ania?"

Ni kweli. Imekauka imekuwa ngumu kama kucha, lakini ipo. Na imelegea, kwa sababu mimi nimekonda. Nikifua na sabuni inateleza mpaka kwenye kiungo. Mara nyingi nimeshikilia sabuni nikafikiri, ngoja iende tu, ikianguka leo niko huru kesho. Kisha naishika narudisha. Kama nitasema kweli kwa hakimu, sitaki nianze na ujanja wa sabuni.

"Ukisema na hiyo kidoleni," mama akasema, "utatoa kondoo."

"Nitatoa."

"Kondoo yupi?"

Wote wawili tukamgeukia. Akatutazama na maganda mdomoni.

"Ana mimba huyo," mama akasema.

"Basi watapata wawili."

Mama akacheka. Sikutegemea. Alicheka kidogo tu, akajizuia, akashika kiuno. Halafu akakaa kwenye turubai, miguu mbele, akaanza kuokota maharage yaliyoruka nje, moja moja, kwa mkono wa kulia, ule mbovu, anayabana kati ya kidole gumba na cha shahada. Nilimwacha. Daktari alisema afanye mazoezi.

"Mimi siendi na wewe," akasema.

"Najua."

"Na wakikuuliza mbona mimi nilisema vile?"

"Nitawaambia umechoka."

Akafikiri. "Hilo ni kweli," akasema. Kisha, baada ya maharage mengine matano au sita: "Upite kwake kwanza. Usimvizie mtu mzima mahakamani. Na umwamkie. Usije ukamwambia mzee jambo kama hilo bila shikamoo."

Hakusema nenda. Sitaki kuandika kwamba alisema nenda. Hakusema usiende pia.

Kwa hiyo kesho ni hivi. Nitaamka saa kumi, nikamue ng'ombe, maana mama hawezi na sitaki aamke akute ndama analia. Maziwa nitayaacha jikoni yamefunikwa. Nitavaa sketi ya kanisani. Pete sitaivua. Nitamfunga kondoo wangu kamba, nitashuka naye pole pole kwa ajili ya mimba, nitapita kwenye ule ua wa manyara mahali penye upenyo, nitamfunga kwenye nguzo ya zizi la jirani. Yeye huwa macho mapema, anawalisha maksai. Nitasema shikamoo baba. Nitangoja aitikie marahaba, na asipoitikia nitangoja kidogo zaidi. Nitamwambia naenda kusema ulivyomtazama mama mkono, na naenda kusema na lile shati. Nitasema ulivyolia kanisani na ulivyotulimia. Nitasema na ua uko wapi. Yote, sitaacha moja. Kondoo huyu ni wa kuvunja pete, nimemtoa mwenyewe, mama hahusiki.

Halafu nitapanda juu barabarani nikangoje bodaboda ya kwenda Katesh.

Kamba nimeshaitafuta. Iko nyuma ya mlango.